Mtungi Uliokuwa Nyuma ya Mlango

Masomo: Mathayo 25:1–13 na 1 Wafalme 17:8–16

 Wengine mnatusikiliza mkiwa jikoni, na chai iko motoni. Wengine mmo ndani ya matatu mkielekea kazini. Wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa. Popote mlipo, Bwana na awe pamoja nanyi.

Leo tunataka kuzungumza juu ya mafuta. Hatusemi mafuta ya kupikia, bali haya yatokayo chini ya ardhi: petroli, dizeli na mafuta ya taa. Huenda mtu akauliza, "Mchungaji, mambo ya petroli yanahusu nini na Injili?" Hata sisi tungaliuliza hivyo, kama si jambo lililotupata nyumbani kwetu. Jambo lenyewe tutalieleza bila kujificha. Ni afadhali mchungaji aone haya mbele ya kundi lake kuliko kuficha dhambi yake na kuiita busara.

Mwezi wa Aprili mwaka 2022 nchi yetu ilipatwa na upungufu wa mafuta. Mtakumbuka foleni zile. Serikali ilikuwa imeahidi kulipa sehemu ya bei ili mwananchi asiumie, lakini malipo kwa wenye kuleta mafuta yalichelewa, na vituo vingi vikakauka. Katika mji wetu mdogo pampu zilifungwa kwa kamba. Vijana wa bodaboda walilala juu ya pikipiki zao, wakingoja lori ambalo hakuna aliyejua litafika lini.

Sisi tulikuwa na makanisa mawili ya kuhudumia Jumapili ile. Moja liko karibu na nyumba yetu, na la pili liko umbali wa kilomita 14. Mtu tuliyefahamiana naye katika kituo fulani alitupitisha mlango wa nyuma usiku wa Alhamisi, akatujazia mtungi wa lita 10. Tuliubeba gizani, tukauficha ghalani nyuma ya mlango, tukaufunika kwa gunia. Tulijiambia kwamba ni kwa ajili ya kazi ya Bwana.

Jumamosi usiku, yapata saa tatu, tulisikia hodi. Alikuwa jirani yetu, mzee mmoja asiye na makuu. Alikuwa amekuja mbio, na jasho linamtoka. Alisema, "Mchungaji, mke wa kijana wangu ameshikwa na uchungu tangu mchana, na mambo hayaendi vizuri. Mkunga anasema apelekwe hospitali. Pikipiki zote hazina mafuta. Je, unajua mahali popote tunapoweza kupata hata lita mbili?"

Ndugu zangu, mtungi ulikuwa hatua kumi kutoka pale tuliposimama. Nasi tulijibu, "Mzee wangu, hata sisi tunatafuta. Bwana atafungua njia." Yule mzee akatushukuru. Ndiyo, alitushukuru, akageuka akaenda zake gizani.

Hapo tupaache kidogo. Tutarudi. Kwanza tuangalie kitu hiki kinachoweza kumfanya mtumishi wa Mungu aseme uongo mlangoni pake.

Wataalamu wa miamba wanatufundisha kwamba mafuta haya yalitokana na viumbe vidogo mno vya baharini. Vilikufa, vikazama, vikafunikwa na matope, vikabanwa na kupata joto chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Mwaka 1859, huko Pennsylvania, Marekani, Edwin Drake alichimba kisima cha kina cha mita 21 tu, akapata mafuta. Tangu siku zile wanadamu wameyafuata kila mahali, jangwani, kwenye barafu, na hata chini ya bahari kuu. Leo dunia nzima hutumia kama mapipa milioni 100 kwa siku moja, na kila pipa ni lita 159.

Angalieni tofauti yake na mafuta tunayosoma habari zake katika Biblia. Mafuta ya taa za wale wanawali kumi yalikuwa ya zeituni. Mzeituni ukichumwa mwaka huu, mwakani utazaa tena. Lakini mafuta yetu hayana msimu wa pili. Kilichoungua leo katika injini ya basi hakitazaliwa tena kwa ajili ya wajukuu wetu.

Mwaka 1956 mtaalamu mmoja wa Marekani, M. King Hubbert, alisema kwamba mafuta ya nchi yake yangefika kilele kati ya mwaka 1965 na 1970, kisha yangeanza kupungua. Wengi hawakumwamini. Mwaka 1970 yakafika kilele, kisha yakapungua kwa miaka mingi. Baadaye Wamarekani wakapata njia ya kupasua miamba migumu na kutoa mafuta yaliyonaswa ndani yake, hata mwaka 2018 wakapita kile kilele cha mwaka 1970. Kwa hiyo tusiwe watu wa kutisha wenzetu kwamba mwaka fulani mafuta yatakwisha yote. Waliotaja tarehe waliaibika, kama wanavyoaibika wanaotaja tarehe ya kurudi kwa Bwana. Walakini tusiwe pia watu wa kulala. Mafuta rahisi huchotwa kwanza. Yanayobaki yako mbali zaidi, chini zaidi, na gharama yake ni kubwa zaidi.

Tuwape mfano. Huko Mexiko mvuvi mmoja aitwaye Rudesindo Cantarell aliona mafuta yakielea juu ya maji na kuharibu nyavu zake. Alitoa habari, na chini ya bahari ile yakapatikana mafuta mengi ajabu. Mahali pale pakaitwa kwa jina lake. Mwaka 2004 palitoa zaidi ya mapipa milioni 2 kila siku. Miaka sita tu baadaye hapakutoa hata theluthi moja ya hayo. Neema iliyokuwa kama bahari ilipungua machoni pa watu wale wale walioishangilia.

Na sisi Kenya je? Mwezi wa Machi mwaka 2012 tulisikia kwa furaha kwamba mafuta yamepatikana Turkana, katika kisima kilichoitwa Ngamia 1. Mwezi wa Agosti mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ghafi ilipakiwa melini Mombasa, mapipa 200,000. Tulipiga makofi, na ilikuwa haki. Lakini hesabuni wenyewe: kwa kiasi ambacho dunia hutumia, shehena ile haitoshi hata dakika tatu. Mafuta tunayotumia sisi bado huja kwa meli. Kiwanda cha kusafisha mafuta kule Changamwe, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilisimamisha kazi hiyo mwaka 2013. Kwa hiyo petroli, dizeli na mafuta ya taa hufika Mombasa yakiwa yamekwisha kusafishwa ng'ambo, kisha yanapanda bara kwa bomba au kwa malori. Wenye mafuta wakigombana huko mbali, anayeumia ni mama anayenunua mafuta ya taa kwa kikombe huku kijijini.

Jambo hili si geni. Mwezi wa Oktoba mwaka 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zenye mafuta zilipunguza uchimbaji na kuzinyima kabisa nchi kadhaa, zikiwemo Marekani na Uholanzi. Pipa lililokuwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa mwaka 1974. Kule Uholanzi serikali ilikataza magari ya watu binafsi barabarani siku za Jumapili. Watu wakaonekana katika barabara kuu wakienda kwa baiskeli, kwa miguu, hata kwa farasi. Na nchi changa kama yetu, ambazo hazikuwa na ugomvi na mtu, zililipa bei ile ile.

Sisi leo tunaijua hali hiyo. Tarehe 14 ya kila mwezi hutangazwa bei mpya, na nchi nzima husikiliza kama watu wanaongoja hukumu. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 lita moja ya petroli ilipita shilingi 200 Nairobi, na mafuta ya taa vilevile. Bei hiyo haikai kituoni tu. Inaingia katika nauli. Inaingia katika mashine ya kusaga mahindi, hata mama akabeba debe lake na kurudi nalo kwa sababu hela hazitoshi. Inaingia shambani pia, kwa maana mbolea nyingi hutengenezwa kwa gesi itokayo ardhini, nayo husafirishwa kwa dizeli. Mwaka 2022 mfuko mmoja wa kilo 50 ulipita shilingi 6,000, na wakulima wengi katika parishi yetu walipanda bila mbolea. Inaingia katika daftari la mtoto, anayeambiwa azime taa kabla ya kumaliza hesabu zake.

Tena upungufu huleta majaribu. Tarehe 31 Januari mwaka 2009, pale Sachangwan, karibu na Molo, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia na ndoo na mitungi. Moto ukawaka, na zaidi ya watu 100 wakafa. Tusiseme upesi kwamba walikuwa wajinga au wezi. Wengi wao walikuwa maskini walioona shilingi chache zikimwagika mtaroni. Na sisi tulioweka petroli ndani ya nyumba wanamolala watoto, tulikuwa na akili gani zaidi yao?

Sasa turudi kwenye mlango ule.

Tulipofunga mlango, mama wa nyumbani kwetu alikuwa amesimama na taa mkononi. Alikuwa amesikia yote. Hakupiga kelele. Aliuliza neno moja tu: "Baba, kesho utahubiri nini?"

Tulikuwa na jibu. Watu wenye elimu ya dini hawakosi majibu. Tulimwambia habari za wanawali kumi. Watano walikuwa na busara, wakachukua mafuta ya akiba. Watano wapumbavu walipoomba, wale wenye busara walikataa, wakawaambia waende kwa wauzaji. Na Bwana hakuwalaumu waliokataa. Basi kuna dhambi gani kuweka akiba kwa ajili ya huduma?

Akatuangalia, akasema, "Na yule mjane wa Sarepta, yeye alikosea?"

Ndugu wasikilizaji, tulisoma chuo cha theolojia miaka mitatu, na hatukuwa na la kumjibu. Mnaikumbuka habari ile. Ilikuwa njaa katika nchi. Mjane alikuwa na konzi ya unga na mafuta kidogo, akiokota kuni apike chakula cha mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe. Nabii Eliya akamwomba ampe yeye kwanza. Kwa akili ya kibinadamu lilikuwa ombi la ukatili. Yule mama akatoa. Na chakula hakikukoma nyumbani mwake mpaka mvua iliporudi.

Je, Biblia inajipinga? Kwa nini wale wanawali wasifiwe kwa kukataa, na mjane asifiwe kwa kutoa? Tangu usiku ule tumelifikiri jambo hili sana, na tunaona hivi. Katika mfano wa wanawali, Bwana anasema juu ya kuwa tayari kwa kuja kwake. Utayari huo hauazimwi. Huwezi kukopa imani ya mke wako siku ya hukumu. Huwezi kuomba toba ya mama yako kama unavyoomba chumvi kwa jirani. Kila mtu na taa yake, na mafuta yake. Lakini kilicho ndani ya mtungi, au ghalani, au mfukoni, hicho chaweza kugawanywa, na Mungu atatuuliza habari zake. Kosa letu usiku ule ni kwamba tulizigeuza. Tulichopaswa kugawa tulikificha. Na tulichopaswa kuwa nacho wenyewe, yaani moyo ulio tayari, hatukuwa nacho. Bwana alikuja usiku wa manane, naye alikuja kwa sura ya mzee mwenye jasho usoni, nasi tukamwambia kwamba hatuna.

Tuliufunua mtungi, tukatia petroli garini, tukamfuata yule mzee. Tulimkuta karibu na daraja, akitembea kuelekea barabara kuu. Tulishuka, tukamwambia, "Mzee wangu, tulikudanganya. Mafuta tunayo. Utusamehe." Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, tusipoteze wakati." Tukamchukua yule dada pamoja na mkunga, tukaenda kilomita 38 za barabara mbovu. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, na mama yake akapona. Muuguzi alituambia kwamba wangechelewa zaidi kidogo, huenda wangepotea wote wawili. Neno lile bado linatuamsha usiku.

Asubuhi gari lilifika nyumbani likiwa tupu. Kanisa la karibu tulilihudumia. La pili, hatukuwa na njia. Ndipo yule mzee, ambaye hakuwa amelala, alipoleta baiskeli yake kuukuu, akaifuta vumbi, akasema, "Hii haijui bei ya petroli." Tulipiga pedali kilomita 14 tukiwa na kanzu begani. Tulifika tukiwa tumechelewa saa moja na nusu, tukitazamia kukuta kanisa limefungwa. Tulikuta watu wakiimba. Mzee wa kanisa alikuwa ameongoza sala, masomo yamesomwa, na akina mama walikuwa wakiwaombea wagonjwa. Tulikuwa tumesema uongo ili ibada ile isikose kufanyika, na kumbe Bwana alikwisha kuianza bila petroli yetu.

Siku hiyo hatukuhubiri mahubiri tuliyoandika. Tuliwaeleza watu habari hii, kama tunavyowaeleza ninyi leo.

Wapendwa, dunia inaingia katika siku ambazo mafuta rahisi yamekwisha kuchotwa, na bei itapanda na kushuka kama wimbi. Pengine magari ya umeme yatatusaidia. Katika nchi yetu tunamshukuru Mungu kwamba sehemu kubwa ya umeme hutoka katika mvuke wa Olkaria, ulioanza kutumika mwaka 1981, na katika maji na upepo. Lakini siku za uhaba zitakuja tena. Tufanye nini basi?

Kwanza, tusifiche. Mfanyabiashara anayefungia mafuta ya taa stoo akingoja tarehe 14, kisha anauza shehena ya zamani kwa bei mpya, asidhani kwamba sadaka yake ya Jumapili itafunika jambo hilo. Na mchungaji anayepitia mlango wa nyuma asidhani kwamba kola yake itamfunika.

Pili, tupunguze. Katika parishi yetu sasa kamati zote hukutana siku moja, ili mtu asilipe nauli mara tatu kwa wiki moja. Wanaokwenda mjini kwa gari huwachukua wengine. Akina mama wamejenga majiko yanayotumia kuni chache, na nyumba kadhaa zimenunua taa za jua kwa kuchangiana zamu kwa zamu. Haya ni mambo madogo, lakini mwenye kiasi leo humwachia mjukuu wake kitu.

Tatu, tujuane kabla ya usiku kuingia. Kila kanisa lijue ni mama gani anakaribia kujifungua, ni mgonjwa gani anahitaji kufika hospitali, na ni nani mwenye gari au pikipiki. Tuliposhindwa usiku ule, hatukushindwa kwa kukosa petroli. Tulishindwa kwa sababu tulikuwa tumepanga habari za safari yetu tu.

Na kila mmoja aiangalie taa yake mwenyewe. Bwana harusi anakuja. Hatatuuliza tulikuwa na lita ngapi. Huenda akatuuliza ni nani aliyepiga hodi, na tulimjibu nini.

Mtoto yule sasa anatembea. Kila akituona anakimbilia begi letu akitafuta peremende. Hajui kitu. Lakini sisi tunajua, na kila tunapomwona tunaomba msamaha upya, kisha tunashukuru.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyeweka hazina chini ya ardhi kabla sisi hatujakuwako, utusamehe kwa kuitumia kana kwamba ni yetu peke yetu. Wakumbuke wanaotembea kwa miguu kwa kukosa nauli, na wagonjwa walio mbali na hospitali, na wanafunzi wasio na mwanga. Utuondolee hofu inayotufanya tufiche, na utupe moyo wa yule mjane. Utukute tukiwa macho utakapokuja. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.